Mkalimani Anapumzika Leo

Papa Mbarushimana alipoambiwa kwamba wageni wangevuka kutoka Bukavu siku ya Jumamosi kuja kumwomba binti yake, hakuuliza wako wangapi wala ni watu wa ukoo gani. Aliuliza kama kuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuona taa ya picha za kioo.

"Bale bantu banakuja kuomba mutoto," mkewe, Maman Mukamurenzi, alimkumbusha. "Habakuje kuangalia taa."

"Basi bataomba mutoto mbele ya taa," Papa alisema, na shauri likaishia hapo.

Kwa kweli hapakuwa na pengine pa kuwakalisha. Nyumba yao ya Gihundwe ilikuwa na chumba kimoja tu kikubwa, na chumba hicho Papa alikuwa amekigeuza makumbusho. Ubao wa mlangoni, ulioandikwa kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka madirisha, ulisema MAKUMBUSHO YA MASHINE ZA SINEMA, na chini yake kwa herufi ndogo: Piga Hodi. Papa alizaliwa Bukavu, mtoto wa wakimbizi Wanyarwanda, na huko ndiko alikofanya kazi ya kuonyesha filamu tangu ujana wake. Siku za kurudi Rwanda zilipofika, watu wengine walivuka mto Ruzizi na magodoro na masufuria. Yeye alivuka na mashine, vipande vipande, ndani ya magunia ya unga wa muhogo. Hata sasa ukiigusa ile kamera ya kutia ufunguo kama saa, kidole kilitoka cheupe.

Ukutani zilipangwa bobini tupu, yale magurudumu ya kuviringia filamu, kuanzia ndogo kama kisahani hadi kubwa kama ungo wa kupepetea maharage. Chini yake palikuwa na taa ya picha za kioo, ya kurushia ukutani picha zilizochorwa kwenye vioo, iliyowaka kwa mafuta zamani za mapadri, kisha kisu cha kukatia filamu na gundi ya kuiunganishia, kisha projekta ya umeme ambayo sauti yake ilikuwa imekufa. Mwishoni, karibu na dirisha, ilikaa deki ya video, ambayo Papa aliionyesha kwa haraka na kwa uso wa mtu anayemtambulisha shemeji mlevi.

Fahari yake ilikuwa projekta ya kuzungusha kwa mkono. Taa yake ilitumia betri ya gari, kwa hiyo umeme ukikatika mji mzima wa Kamembe, kwa Papa Mbarushimana sinema iliendelea. Lakini macho yake yalikuwa yamefifia, na kwa muda mrefu sasa aliyepitisha filamu kwenye meno ya mashine na kuuzungusha mpini alikuwa Béata, binti yake wa mwisho.

Béata alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mbele ya watoto alisema mpaka kengele inalia. Mbele ya watu wazima watatu maneno yalimkaukia mdomoni. Nyuma ya projekta alistarehe, maana watu wote huiangalia picha na hakuna anayegeuka kumtazama anayezungusha. Isipokuwa Fabien. Yeye alikuwa kijana wa Bukavu aliyeuza viatu pande zote mbili za mpaka, na siku moja aliletewa ombi la kumtafutia Papa balbu. Aliileta, akasikiliza maelezo yote ya makumbusho, akaaga. Wiki iliyofuata alirudi akayasikiliza tena kuanzia mwanzo. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuyasikiliza maelezo ya Papa mara mbili. Alipokuja mara ya tatu, na kuuliza tena kwa upole taa ya kioo inawashwaje, Béata alielewa kwamba si taa aliyokuwa akiifuata.

Siku ya kuombwa ilikuwa imeshaahirishwa mara moja, kwa sababu mpaka ulifungwa. Miaka ile mpaka haukuaga. Unaamka asubuhi na kikapu chako kichwani, unakuta umefungwa. Tena ndugu wengi wa Fabien walikuwa wamesema waziwazi kwamba wasichana wamejaa Bukavu, sasa kijana anatafuta nini kwa Wanyarwanda wakati kama huu? Baba yake alikuwa Uvira na barabara haikupitika. Waliokubali kuvuka walikuwa wachache, na waliongozwa na baba yake mdogo, Mzee Muderhwa. Béata hakuhitaji kuambiwa. Wakirudi mikono mitupu leo, hawatavuka tena.

Siku ya kuomba, ile Wanyarwanda wanayoiita gusaba, ni siku ya midomo. Kila familia inamweka msemaji. Msemaji wa mume anaomba, msemaji wa mke anajifanya hajui wageni wamefuata nini, wanabishana, wanasingiziana makosa ya mababu, watu wanacheka, na mwisho mke anatolewa. Baba wa msichana kazi yake ni kukaa kimya na kuonekana mzito. Msichana mwenyewe haonekani kabisa mpaka aitwe.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu Papa aliapa kwamba wageni hawataondoka bila kuona filamu, na filamu haikuweza kwenda bila Béata.

"Mashine itakaa ku mulango wa ndani," Papa aliamua. "Tutatundika kitenge. Lenzi itatoka inje, mutoto atabaki ndani."

"Lakini bataona mukono," alisema Bernadette, dada yake Papa, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kulinda desturi.

"Ule mukono ni wa fundi."

"Fundi mwenye bangili?"

Béata alivua bangili.

*

Wageni walifika kabla ya saa sita, wamevaa vizuri, viatu vyao vikiwa na vumbi la kupanda kutoka darajani. Nyuma ya kitenge, Béata aliwaangalia kupitia upenyo uliotobolewa kwa ajili ya lenzi. Alimwona Fabien, mwenye tai iliyomkaba, akihesabu bobini ukutani ili asiangalie upande wa pazia. Alimwona Mzee Muderhwa, mtu mwembamba mwenye kofia na shingo ndefu, akitembea kwa raha ya mtu anayejua kwamba akifungua mdomo watu hunyamaza.

Msemaji wa upande wa msichana alikuwa jirani yao Nzabonimana, mzee mwenye asili ya Mururu aliyekuwa amejiandaa wiki nzima. Alisimama akasema, "Karibuni." Alikuwa na mengine tayari, lakini Papa alikuwa ameshasimama mbele yake.

"Mbele ya maneno, bageni banatembezwa," Papa alisema.

Basi wakatembezwa. Papa aliwaonyesha taa ya kioo, akaeleza utambi, akaeleza bomba la moshi. Akawapa kamera waitie ufunguo, na shangazi mmoja wa Fabien aliitia mpaka ikalia kama nyuki, akairudisha upesi kana kwamba imemng'ata. Kwenye deki ya video Papa alisema tu, "Na hii nayo inakulaka makaseti," akapita. Wageni waliuliza maswali ya heshima. Fabien, ambaye angeweza kuyatoa maelezo yote yeye mwenyewe kwa mpangilio uleule, aliitikia kwa mshangao mahali panapostahili.

Mzee Muderhwa alipofika mwisho wa chumba aligeuka, akakiangalia chote tena, akauliza, "Na mukalimani mumemuweka wapi?"

"Mukalimani gani?" Papa aliuliza.

"Ule anasemaka filme. Filme inakuja na luga ya Bachina, ya Bahindi. Mukalimani anasimama pembeni na mikro, bantu banaelewa. Yeye naye ni historia ya sinema."

Nyuma ya kitenge, Béata akasogeza jicho kwenye upenyo. Fabien alikuwa amewaambia nyumbani kwao kwamba Mbarushimana ni mtu wa filamu. Kitu ambacho hakuna aliyemwambia Mbarushimana ni kwamba Muderhwa pia alikuwa mtu wa filamu. Alikuwa mkalimani mashuhuri wa vibanda vya video vya Bukavu nzima, mtu ambaye akiugua, watu hurudi nyumbani na kusema filamu haikuwapo. Familia ilimchagua awe msemaji wao kwa sababu hiyohiyo. Fabien mwenyewe alikuwa amepanga kulisema jambo hili polepole, baada ya ndoa.

"Ah, bale," Papa alisema, akapunga mkono kama anayefukuza inzi. "Bale njo baliuwa sinema. Mimi naonyesha filme, muntu anasimama anakula karanga, anasema bwongo juu yake. Jambazi anakufa, yeye anasema amelala. Hapa, Mzee, tunaweka vitu vya kazi. Ile ni kelele tu."

Fabien alikohoa. Alikohoa tena kwa nguvu zaidi, lakini hakuna kikohozi kinachoweza kurudisha neno.

Mzee Muderhwa aliitazama deki ya video kwa muda. Kisha alivua kofia, akaketi, akaiweka juu ya magoti.

"Bon," alisema. "Kama kazi ya mudomo ni kelele, mukalimani anapumzika leo."

Akanyamaza.

Mwanzoni watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Nzabonimana, aliyeona nafasi yake imefika, alisimama akauliza kwa sauti ya dharau nzuri aliyoifanyia mazoezi, "Na bageni, ni mvua imewaleta, ao munatafuta ng'ombe wenu alipotea?" Akangoja jibu. Muderhwa aliiangalia dari. Nzabonimana akauliza tena, safari hii akaongeza mbuzi. Hakuna jibu. "Karibuni," akasema kinyonge, akakaa.

Shangazi wa Fabien alimgusa Muderhwa kiwiko. Fabien aliinama akamnong'oneza jambo refu. Mzee alitikisa kichwa. Mwingine hakuweza kusema badala yake. Msemaji akishaingia nyumbani kwa watu kama msemaji, kumbadilisha ni kuvunja shughuli na kuondoka. Bia zilifunguliwa, zikanywewa kimya kama dawa.

Maman Mukamurenzi alikuja nyuma ya kitenge, amebeba sinia ya brosheti, nyama za kuchoma vijitini, ambayo hakujua tena aipeleke wapi.

"Baba yako amefukuza bwana yako," alimwambia Béata kwa sauti ya chini. "Na hata hajui. Anauliza kama banasikia baridi."

Béata alishika mpini wa mashine kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushika. Alitaka kutoka, aseme na yule mzee, amwambie Papa si mtu mbaya, ni mtu wa mashine tu. Lakini msichana hatoki mpaka aitwe, na hata angeitwa, alijijua: angesimama katikati ya chumba na kuangalia miguu yake.

"Béa— fundi," Papa aliita kutoka upande wa pili. "Washa."

Maana Papa naye alikuwa ameona kwamba hewa imeharibika, na kwa kila hewa iliyoharibika alikuwa na dawa moja.

*

Mablanketi yalishushwa madirishani. Mwanga ukagonga shuka lililotundikwa ukutani. Filamu hiyo ilikuwa kuukuu, haina jina, haina sauti, na mwanzo wake ulikuwa umeliwa na panya. Mwanamume mwenye kofia anatembea barabarani. Anafika kwenye nyumba. Anabisha.

"Nani huyo?" aliuliza shangazi wa Fabien.

"Ni mwanaume," Papa alisema.

"Anatafuta nini?"

Papa alilisogelea shuka, akakunja macho. "Anapiga hodi ku mulango. Sasa anangoja. Ile vile munaona inaruka ruka, ni matundu ya pembeni yamechakaa."

"Lakini ni kwa nani pale?"

"Ni ku nyumba."

Mtu alipiga mwayo. Kupitia upenyo Béata alimwona Mzee Muderhwa. Alikuwa amefumba macho ili asione, lakini sasa jicho moja lilikuwa limefunguka. Kwenye shuka mlango ulifunguka, akatoka mtu mnene mwenye masharubu.

"Amefungua," Papa alieleza. "Huyu ni mwanaume mwingine."

Goti la Muderhwa likaanza kutikisika. Alishika kofia kwa mikono miwili. Yule mnene alinyoosha kidole, mwenye kofia akafungua mikono.

"Banaongea," Papa alisema.

"Banaongea nini?" shangazi aliuliza, karibu alie.

"Filme haina sauti, Maman. Hatuwezi kujua."

"Namna gani hatuwezi kujua?" Muderhwa alisema, na watu wote wakageuka. Alikuwa amesimama. "Angalia muntu vile anashika kofia. Ule ametoka mbali. Amepita mutaa wa Panzi, amepita daraja, wamemutoa viatu ku mpaka, wameangalia ndani. Anaitwa Papa Innocent. Anasema: Mzee, mimi siuzi kitu, mimi niko na kijana ku nyumba, hakulaki tena, anaangalia taa tu."

Kicheko kilipasuka chumbani kama kifuniko cha chungu. Fabien aliinamisha kichwa mpaka tai ikagusa bia.

"Na huyu munene?" Bernadette aliuliza, akisahau desturi zote alizokuwa akizilinda.

"Huyu munene iko na kitu ndani ya nyumba na hataki kukitoa. Anasema: Mimi sina mutoto. Mimi niko na mashine tu."

Wote walimwangalia Papa. Papa alibaki amesimama kando ya shuka, nusu ya uso wake ikiwa na masharubu ya yule mnene. Béata aliona mdomo wake ukichezacheza, na hakujua kama ni hasira. Nzabonimana alianza kuinuka ili ajibu, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, lakini Papa alishamtangulia.

"Muambie Papa Innocent," Papa alisema polepole, "munene anasema hivi. Mutoto iko, lakini njo macho yake. Ukitoa macho ya muntu, utamuachia nini?"

Mzee Muderhwa hakuwa na haraka. "Papa Innocent anajibu: daraja ni karibu kuliko soko. Na kijana wangu anajua maelezo yote ya hii nyumba kwa kichwa. Hautapoteza macho, utaongeza mengine mawili."

"Na kama bakifunga daraja?"

Hilo halikuwa swali la mchezo, na Muderhwa, aliyekuwa na jibu kwa kila filamu iliyopita Bukavu, alikawia. Mkono wa Béata haukukawia. Mpini ulikuwa ukienda. Kwenye shuka mtu mnene akatikisa kichwa, akaingia ndani, akafunga mlango. Mwenye kofia akasimama kidogo, kisha akageuka na kuanza kuondoka barabarani, mdogo, na mdogo zaidi.

"Voilà," Papa alisema kwa sauti ya chini. "Filme yenyewe imejibu. Amekwenda."

Hakusema kwa ushindi. Hata hivyo alikuwa amesema, na shangazi wa Fabien alianza kutafuta mkoba wake chini ya kiti.

Béata hakufikiri. Alisimamisha mpini akauzungusha kinyume.

Barabarani, yule mwanamume mdogo alisita, kisha akaanza kurudi kinyumenyume, kisigino kwanza, akikua kila hatua, mpaka akafika mlangoni kwa mgongo. Mlango ukafunguka. Mnene akatoka nao kama aliyevutwa kwa kamba.

"Amerudi!" Muderhwa alisema, na sauti yake ilijaa chumba chote. "Muliona wapi muntu anarudi bila kuangalia njia? Anaijua. Hata bakifunga, huyu atarudi."

Watu walipiga makofi. Papa peke yake hakupiga. Alikuja mpaka kwenye kitenge, akasimama karibu na lenzi, mgongo kwa wageni.

"Fundi," alinong'ona. "Umezungusha kinyume."

"Ndiyo, Papa."

"Umekosea?"

"Hapana, Papa."

Béata alikuwa ameifikisha filamu mahali ambapo watu wawili wanasimama mlangoni wakitazamana, na hapo mkono wake ukakwama. Akizungusha mbele, mnene atakataa na mwanamume ataondoka. Akizungusha nyuma, ataondoka pia, kwa mgongo. Pande zote mbili aliondoka. Akauacha mpini utulie.

Ilimchukua Papa muda mfupi sana kuelewa kwamba picha imesimama, na muda mfupi zaidi kukumbuka maana yake. Filamu inayopita mbele ya taa haiumii. Filamu iliyosimama mbele ya taa inaungua. Kwenye shuka, juu ya mlango wa mnene, doa la kahawia lilitokea, likaanza kutanuka.

"Zungusha," Papa alisema.

Mpini haukusogea.

"Fundi, inaungua."

"Munene anajibu nini?" Mzee Muderhwa aliuliza kwa utulivu mkubwa, mikono nyuma. Harufu kali ilianza kusikika. Bernadette alishika kichwa.

Papa aliliangalia doa, akakiangalia kitenge, akawaangalia wageni wote waliokuwa wamevuka daraja kwa miguu. Akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshindwa kwenye mchezo wa igisoro.

"Tumekubali," alisema. "Tunamutoa. Béata, zungusha, mutoto wangu, zungusha."

Vigelegele vya Bernadette vilitangulia, vya Maman vikafuata kutoka jikoni, na Nzabonimana alisikika akilalamika kwamba neno la kukubali lilikuwa lake. Fabien aliangalia pazia waziwazi, na hakuna aliyemkemea. Béata aliuvuta mpini. Doa likapita. Mnene akatikisa kichwa, akaingia, akafunga mlango, na mwenye kofia akageuka tena kuelekea barabarani.

"Sasa anakwenda wapi tena?" shangazi wa Fabien aliuliza kwa wasiwasi. "Si bamemupatia?"

"Bamemupatia," alisema Mzee Muderhwa. "Anakwenda kuleta ng'ombe."

Nyuma ya kitenge, Béata akaongeza mwendo wa mpini, na yule mwanamume akaanza kukimbia.